Chai Isiyochumwa

Wifi yangu Beatha hakuwa mtu wa kuugua. Naanza na hilo ili ujue ni mtu wa namna gani. Kaka yangu Sefania alimwoa akiwa msichana wa Gare, akaja huku Mponde hajui hata mche wa chai unashikwaje, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anawaacha nyuma wanawake waliozaliwa ndani ya chai. Mikono yake yote miwili inakwenda pamoja bila kuangaliwa, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, viganja vikijaa anavirusha nyuma ndani ya tenga kama mtu anayefukuza inzi. Na mdomo haupumziki. Akiona nimechuma jani gumu ananipigia kelele mbele ya watu, "Wifi, hilo unakwenda kulipikia mboga?" Nikianza kumjibu, yeye keshasogea mbele, nabaki nabishana na mgongo wake.

Sefania alipofariki, Beatha alibaki na shamba dogo la chai chini ya nyumba na jingine kule juu karibu na msitu. Mimi niliolewa nikarudi nyumbani, hiyo ni habari nyingine na haikuhusu. Nyumba yangu na yake zinatazamana. Nikifungua mlango asubuhi kitu cha kwanza kukiona ni kamba yake ya nguo, na kwa kamba hiyo ndiyo nilikuja kujua mambo ambayo yeye hakutaka niyajue.

Uvimbe ulianza shingoni, chini ya sikio. Alidhani ni jino. Mimi nikamwambia ni mtoki wa kinenani umepotea njia, tukacheka. Halafu ukatokea mwingine kwapani, pale ambapo mkanda wa tenga unapita, akawa analibeba tenga upande upande. Zahanati wakamtuma hospitali, hospitali wakampima damu, wakatazamana, wakamtuma kwenye hospitali kubwa kule chini. Watu wa hospitali wakishaanza kutazamana, moyo wangu hauna kazi nyingine tena ila kuogopa. Niliteremka naye mpaka Soni, tukashuka mpaka Mombo, tukapanda basi la kuendelea, na njia nzima mimi ndiye niliyetaka kutapika, siyo mgonjwa.

Daktari alikuwa kijana mpole anaitwa Clemence. Alitupa shikamoo zetu sawasawa, akavuta kiti akakaa mbele yetu badala ya nyuma ya meza. Nikajua hapo hapo kwamba habari si njema. Akasema ni saratani ya damu.

Daktari aliendelea kusema, na alisema mengi, tena kwa utaratibu. Kwamba ziko saratani za damu zinazokimbia na ziko zinazotambaa, na hii ya mama inatambaa. Kwamba chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupigana na magonjwa, zimekuwa nyingi kupita kiasi. Kwamba dawa zake ni kali, na mtu akizitumia kabla ya wakati zinamuumiza bila kumwongezea siku. Kwa hiyo atakuwa anakuja kupimwa damu kila baada ya miezi mitatu. Akiona jasho la kulowesha shuka, kukonda, kuishiwa nguvu, au tezi zinavimba haraka, asingoje tarehe.

"Na leo unampa dawa gani?" nikauliza.

"Leo hakuna dawa, mama. Arudi nyumbani aendelee na kazi zake."

Nilisimama. "Mtu ana saratani, unamwambia akachume chai?"

"Ndiyo, mama. Akachume chai."

Ningekuwa mwanaume ningemkamata ukosi. Beatha alinivuta khanga nikakaa. Mtu yule ambaye mdomo haupumziki alikaa pale ameshika mkoba wake mapajani kama mtoto aliyeambiwa asubiri, na ndicho kitu kilichonitisha kuliko saratani yenyewe.

Tukarudi. Akanikataza kumwambia mtu yeyote kanisani. "Umoja wa wanawake wakisikia, watakuja kuniimbia nyimbo za msiba nikiwa nimekaa nawasikiliza," alisema. Basi tukaibeba siri hiyo wawili tu. Mimi nilianza kuipapasa shingo yangu kila asubuhi kabla ya kusema sala. Nikiosha uso napapasa, nikijifunga kilemba napapasa, mpaka pakawa panauma, halafu maumivu yale nayo yakaniogopesha.

Miezi mitatu ikipita tunashuka. Wanamtoa damu mkononi, yeye anafumba macho na kugeukia ukutani, tunakaa kwenye benchi, halafu Daktari Clemence anatuita. Beatha ana swali moja tu, la zile chembe nyeupe.

"Zimepanda?"

"Zimepanda kidogo, mama."

Na dawa hakuna. Safari iliyofuata ikawa vile vile, zimepanda kidogo, dawa hakuna, karibu tena. Iliyofuata nayo, vile vile. Kila tukirudi alikuwa ananyamaza zaidi, na mimi nikawa nasema zaidi ili kuziba ule ukimya, nikitukana madereva, nikitukana mvua, nikitukana bei ya nyanya pale Soni.

Siku moja tulikuwa shambani chini ya nyumba, ukungu ndiyo kwanza unainuka, akasimamisha mikono. Beatha hasimamishi mikono hivi hivi. Nikadhani ameona nyoka.

"Wifi," akasema, "wale wananichuma."

"Nani anakuchuma?"

"Hospitali." Aliongea kwa Kishambaa sasa, taratibu, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo kwa muda mrefu. "Tazama hapa." Akashika tawi alilolichuma mwezi uliopita. Pale alipokata kichwa kimoja palikuwa pametoka vichipukizi vitatu, laini, vinang'aa. "Mimi na wewe tunajua chai inaoteshwa na nini. Inaoteshwa na mkono. Ukiondoa kichwa, vinakuja vingine, tena vingi kuliko vya mwanzo. Nilikwenda kule na damu yangu. Wakachuma. Zikaongezeka. Nikaenda tena, wakachuma, zikaongezeka. Dawa hawanipi. Wanachuma tu na kuniambia zimepanda. Sasa kwa nini zisipande?"

Nilitaka kucheka. Sikucheka, kwa sababu yale maneno yaliniingia. Mtu wa Dar angeyacheka, mtu asiyejua chai. Lakini mimi nimekula chai hiyo, nimevaa chai hiyo, najua kwa mikono yangu kwamba kichaka unachokichuma ndicho kinachochipua. Nikamwambia damu si chai. Akaniuliza najuaje.

"Siendi tena," akasema. "Waache zipumzike."

Tuligombana siku ile mpaka majirani wakatokea ugani. Nilimwita mjinga, nilimwita mshamba, nilimwambia marehemu kaka yangu angeona aibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka tenga mgongoni, akasema, "Damu ni yangu, wifi," na akarudi kwenye mstari wake. Tarehe ya hospitali ilifika, ikapita. Nilikaa mlangoni nimevaa nguo za safari tangu alfajiri, nikitegemea atatoka. Alitoka, ndiyo, na tenga.

Mwanzoni nilijaribu kuamini kwamba labda yeye ndiye mwenye akili. Alirudisha uchangamfu. Aliniambia anajisikia mwepesi, hakuna mtu anayemchokoa, na akarudia kunitania kuhusu majani magumu. Halafu ile kamba ya nguo ikaanza kusema. Shuka. Asubuhi shuka, kesho yake shuka, na ya tatu. Mwanamke anayelala peke yake anafua shuka kila siku? Nilipomuuliza alisema ni viroboto wa paka. Hana paka. Nilikumbuka jasho ambalo daktari alilitaja.

Nilikwenda kumpigia magoti, na si maneno tu, nilipiga magoti kweli kwenye sakafu yake. Akanipa chai ya maziwa na akanigeuzia mazungumzo. Akaanza kujifunga kitambaa shingoni hata jua likiwaka. Tenga lake likawa jepesi. Wanawake aliokuwa akiwaacha nyuma wakawa wanampita, kwanza mmoja mmoja kwa aibu, baadaye wote bila kuangalia. Siku moja nilimkosa kwenye mstari. Niliangalia juu ya chai yote ile ya kijani, sawa kama meza, nikaona vichwa vya watu wote isipokuwa chake. Nilikimbia nikivunja matawi, nikiita. Alikuwa amekaa chini kati ya miche, mgongo kwenye shina, macho yamefunguka.

"Napumzika," akasema. "Mbona unapiga kelele kama mbuzi?"

Midomo yake ilikuwa myeupe. Nilikaa karibu naye. Nilijua anakufa, na nilijua kwamba mimi, ninayewashinda watu wote wa Mponde kwa maneno, sina neno hata moja la kumzuia.

Neno lilikuja lenyewe, na lilikuja kwa sababu ya lile shamba la juu.

Miaka ile kiwanda cha chai kilipofungwa, kila mtu alichagua chai ya kuiacha. Tulibaki tukichuma kidogo ya karibu na nyumba, ya mbali tukaiachia Mungu. Baadaye kiwanda kikafunguliwa, na siku hizo za ugonjwa watu wakaanza kupanda milimani kukata chai zao za zamani hadi usawa wa goti ili zianze upya. Beatha akataka kuliona la kwake. Nilimwambia hana nguvu za kupanda. Akasema nimzuie kama naweza. Tukapanda polepole. Kila hatua chache alisimama, mara anafunga kiatu, mara anatazama bonde, na mimi nikajifanya natazama bonde pia.

Tulipofika hakujua kwamba tumefika. Aliendelea kutafuta shamba huku amesimama ndani yake.

Ilikuwa msitu. Chai ile aliyoipanda na kaka yangu, iliyokuwa inamfika kiunoni, ilikuwa imepanda juu ya vichwa vyetu, mashina manene kama paja la mtu, matawi yameshikana mpaka mwanga haufiki chini. Palikuwa na baridi humo. Maua meupe ya chai yameanguka kila mahali yakaoza, na hakukuwa na kichipukizi hata kimoja cha kufikiwa na mkono. Mistari haikuwepo. Beatha alikwenda huku na huku akigusa mashina.

"Mstari wetu ulikuwa hapa," akasema. "Wifi, ulikuwa hapa."

Nikaogopa mahali pale. Sijui hasa kwa nini, ni miti tu. Ila kuogopa kwangu siku zote hugeuka hasira, ndivyo nilivyoumbwa, na hasira ikanitoka kwa sauti iliyowarusha ndege.

"Nani ameichuma hii?"

Akageuka.

"Nakuuliza, Beatha. Nani ameingia humu na tenga miaka yote hiyo?" Sikuwa nimewahi kumwita kwa jina tangu alipoingia kwetu. "Ulisema ziachwe zipumzike. Hii tuliiacha ipumzike. Imepumzika?"

Mkono wake ulikuwa kwenye shina, akalitazama kwenda juu, juu, mpaka pale majani yanapofunga anga. Halafu akafungua kitambaa cha shingoni.

Nilijua ningeona uvimbe. Sikujua ni mwingi kiasi hicho. Ulikuwa umejipanga pande zote mbili za shingo, kama viazi vidogo ndani ya soksi. Nilitia khanga mdomoni.

"Naogopa, wifi," akasema. "Hayo ya kuchumwa niliyaamini, kweli niliyaamini. Lakini nilikuwa naogopa zaidi lile neno lake. 'Zimepanda kidogo, mama.' Nikikaa kwenye lile benchi nalisubiri neno hilo, natamani ukuta uniangukie. Nikadhani nisipolisikia, halipo."

Tulilia humo ndani ya chai kama watoto. Sina aibu kusema. Tukashuka tumeshikana, na kesho yake tulikuwa kwenye basi.

Daktari Clemence alipomwona alisimama bila kujua kwamba amesimama. Hakumgombeza. Alimpapasa shingo, makwapa, tumbo upande wa bandama, akamtazama kucha na ndani ya kope. Kisha akauliza kwa nini alipotea, na Beatha akamweleza yote, vile vile alivyonieleza mimi, mkono na kichwa cha chai na vichipukizi vitatu. Nilimkazia macho yule kijana. Angecheka, ningemkamata ukosi safari hii. Hakucheka.

"Tunachukua damu kidogo sana, mama. Mwili unairudisha bila hata kujua," akasema. "Sisi hatuzioteshi hizo chembe."

"Sawa," Beatha akasema. "Kama si ninyi, nani anaziambia ziote?"

Daktari alifikiri. Akainua ngumi yake moja. "Hii ni chembe moja nyeupe. Juu ya ngozi yake ina vitu vinaitwa vipokezi, tuseme hivi vifundo vya vidole. Chembe nzuri inakaa kimya. Inangoja. Kijidudu cha ugonjwa kikija kikagusa kipokezi, ndiyo chembe inasikia kwamba imeitwa, inazaana, inapigana, na kazi ikiisha nyingi zinakufa. Bila kuitwa haifanyi kitu."

"Na zangu?"

Akainua ngumi ya pili, akazisogeza mpaka vifundo vikagusana. "Zako vipokezi vyake vinagusana vyenyewe kwa vyenyewe. Hakuna kijidudu, hakuna aliyeita. Lakini chembe inasikia imeitwa, inazaana, na watoto wake nao wanasikia vile vile. Ndiyo maana zinaongezeka ukija hapa, na zinaongezeka usipokuja."

"Zinajiita," Beatha akasema.

"Zinajiita, mama. Usiku na mchana."

Nilimtazama wifi yangu amekaa pale na gauni lake la kanisani, amenyamaza, mikono mapajani, na humo ndani ya damu yake zinaitana na kuitikiana bila mtu kuzituma. Nilitamani kuzipigia kelele zinyamaze. Nilikuwa tayari kufanya hivyo, mbele ya watu.

Akatuambia kuna vidonge vinavyokwenda kuukata ule wito ndani ya chembe, ili ikiitwa isisikie. Duniani vipo, kuvipata huku kwetu ni shida, ataomba na kufuatilia, ila hatuahidi. Lakini damu nyekundu ya mama imeshuka, na hilo halingoji. Leo ataongezwa damu, na kesho ataanzishiwa dawa zilizopo. Ni kali. Zinaweza kumsaidia sana, na zinaweza kumlaza. Hakuficha.

"Na ningekuja ile tarehe?" Beatha akauliza.

Kijana yule aliangalia meza. "Tungeanza mapema kidogo, mama," akasema, na nikamshukuru kwa lile neno kidogo.

Kabla ya yote ilibidi apimwe tena. Tuliingia kwenye kile chumba cha siku zote, na muuguzi msichana akampa shikamoo, akamfunga mpira juu ya kiwiko, akaanza kutafuta mshipa. Nilisubiri Beatha afumbe macho na kugeukia ukutani, kama anavyofanya. Hakugeuka. Alinyoosha mkono wote juu ya ile meza, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa chai, akaitazama sindano inavyokuja.

"Chuma, mwanangu," akamwambia. "Hata usipochuma inaota."

Msichana hakuelewa, akatabasamu tu kwa adabu. Kichupa kikaanza kujaa, na Beatha akakitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Aliyegeukia ukutani safari hii nilikuwa mimi.